Mwalimu wa Ncha ya Pili

"Ng'ambo umefika?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa mwanafunzi yeyote aliyemletea matokeo ya vipimo. Hakuuliza ulitumia kifaa gani, wala ulipata nini. Jibu likiwa hapana, aliikunja karatasi yako, akairudisha upande wako wa meza kwa vidole viwili, kisha akasema, "Basi umeniletea nusu ya mawasiliano."

Wanafunzi walimwita Mama Ncha, kwa kuwa kwake mawasiliano yalikuwa na ncha mbili siku zote, ila si mbele yake. Mbele yake alikuwa Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo. Sidhani kama angependa jina lake liandikwe mahali ambapo hajapata nafasi ya kuhakiki.

Alitufundisha mitandao ya kompyuta na mawasiliano ya simu yasiyotumia waya, mwaka wa mwisho wa shahada, katika chuo kimoja hapa Mwanza. Mimi niliingia chuoni nikiwa na miaka arobaini na moja. Kabla ya hapo nilikuwa fundi simu Mabatini, na nilichojua kuhusu mawimbi ya redio nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyopoteza majalada na kwa kufungua simu zilizokufa. Nilifaulu mtihani wa kujiunga kwa watu wazima, nikamwachia mke wangu duka, nikaenda kukaa na vijana ambao asubuhi waliniamkia na mchana walininakili. "Shikamoo mzee. Samahani, namba tatu umepataje?"

Siku ya kwanza Mwalimu aliuliza kila mmoja wetu alikuwa akifanya nini kabla ya chuo. Nikamwambia. Tangu siku hiyo aliniita Fundi, na sikuwahi kujua kama ilikuwa heshima au onyo.

Kitu kimoja kilitugonganisha mapema. Mtu aliyejisomesha mwenyewe huishi kwa mifano. Umeme niliuelewa kwa mabomba ya maji, kumbukumbu ya kompyuta kwa rafu za duka. Kwa hiyo alipouliza pakiti ya data ni nini, nilinyoosha mkono kwa kujiamini.

"Ni kama barua, Mwalimu. Ina bahasha, ina anwani, inapita posta moja hadi nyingine."

"Barua ikipotea njiani, posta wanafanya nini?"

"Wanaitafuta."

"Na pakiti?"

"Nayo wanaitafuta?"

"Hakuna anayeitafuta," alisema. "Aliyetuma akiona kimya, anatuma nakala nyingine, basi. Barua yako imekudanganya. Mfano ni kiatu cha kuazima, Fundi. Utafika nacho, lakini hujui kitakuchubua wapi."

Kijana mmoja wa nyuma akadakia: "Mwalimu, na hicho kiatu si mfano?"

"Ni mfano. Ndiyo maana nimeshakivua. Fungueni ukurasa wa tisa."

Darasa zima lilicheka, yeye hakucheka. Katika ripoti zetu kila neno "kama" lililoleta ulinganisho alilizungushia duara la kalamu nyekundu. Ripoti yangu ya kwanza ilirudi na maduara mengi kuliko aya. Nilikasirika, kisha nikaanza kuyasoma moja moja, na nikagundua kwamba kila duara lilikuwa mahali ambapo sikuwa naelewa.

Yeye mwenyewe alijaa mambo yasiyolingana. Alifundisha simu za kisasa kuliko zote, vizazi vyake vyote na masafa yake, lakini mkobani alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira, na mara nyingi kilikuwa kimezimwa. "Anayenihitaji atakuja," alisema. Ofisini kwake, katika jengo lililojaa mtandao usio na waya, kompyuta yake ilikuwa na waya mrefu wa bluu uliopita juu ya kabati hadi ukutani. Nilimuuliza kwa nini. "Waya najua umeanzia wapi na umeishia wapi," akajibu, akanisogezea kisahani cha kahawa kavu ya kutafuna aliyoletewa kutoka kwao Kagera. Niliitafuna kwa adabu. Mdomo wangu wa Kisukuma haukuwahi kuizoea ile kahawa, naye alijua, na kila mara alinisogezea tena.

Hakuwahi kuuliza "mmeelewa?" Aliamini kwamba darasa zima laweza kusema ndiyo bila mtu mmoja kuelewa. Badala yake alimchagua mtu na kumwambia, "Nirudishie nilichosema." Ukirudisha kilicho pungufu, hakukukaripia. Alirudia kile tu kilichopungua, kisha akasubiri tena. Mhadhara wa saa moja ungeweza kwenda saa mbili. Wengine walimchukia kwa hilo. Mimi, ambaye kwa miaka ishirini sikuwa na mtu wa kunirudishia chochote, nilikuwa nikihesabu siku hadi kipindi chake.

Alipenda kutupeleka nje. Kwenye vilima vya mawe juu ya mji, ambako nyumba zimejibana katikati ya majabali, alitugawia vifaa vya kupimia nguvu ya mawimbi. Tulikuwa tumeshakokotoa darasani kiasi ambacho jabali lingepunguza. Tukapima nyuma ya jabali, tukapata kitu kingine kabisa. Tulipoanza kulalamika kuhusu vifaa, alisema, "Jiwe halijasoma kitabu chenu." Kisha akamwendea mama aliyekuwa akianika nguo.

"Habari za hapa, mama? Kwako simu inashika wapi?"

"Pale kona ya jiko. Lakini usimame. Ukikaa tu, inakata."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha namfuata mtu kwa miguu, mwanangu."

Aliandika hayo daftarini kwa mwandiko uleule aliotumia kwa namba, tarehe na saa pembeni. Tulidhani anamfurahisha yule mama. Wiki iliyofuata alitufanya tueleze darasani, kwa hesabu, kwa nini kusimama kulitosha na kukaa hakukutosha. Ilituchukua kipindi kizima.

Lakini jambo ambalo wanafunzi walilisimulia kuliko yote lilihusu kivuko. Mwalimu aliogopa ziwa. Mtu aliyetuma wanafunzi ng'ambo kila mwaka, na yeye mwenyewe akavuka kuhakiki kazi zao, alikaa katikati ya kivuko, mbali na ukingo, akiwa amevaa jaketi la kuelea hadi shingoni, macho sakafuni. Nilisafiri naye mara moja. Mama mmoja mwenye ndoo za dagaa alishindwa kuvumilia.

"Mama, huu si mtumbwi! Ni chombo kizima, kimebeba malori. Jaketi la nini?"

"Na malori hayo yako juu ya nini?"

"Juu ya kivuko."

"Na kivuko?"

Yule mama alicheka mpaka akashika ndoo zake. "Haya, vaa mama, vaa. Ukinikuta chini huko unipe na mimi."

Mwalimu hakutabasamu. Alishika bomba la kiti kwa mikono miwili mpaka tulipogusa nchi kavu. Sababu ya hofu hiyo hakuisema, na sikuuliza.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa kuunganisha mji na zahanati moja ng'ambo ya ghuba, kwa antena mbili zinazotazamana juu ya maji. Zahanati hiyo, juu ya kilima chake, ilikuwa na muuguzi mmoja. Simu za kawaida huko zilishika kwa kubahatisha, na alihitaji njia ya kuaminika ya kumuuliza daktari wa mjini swali na kuita boti ya wagonjwa. Kabla ya kuaminiwa, njia hiyo ilipaswa kupimwa siku thelathini, mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi jioni. Niliweka kifaa cha kutuma ukutani kwa muuguzi. Upande wa mji niliweka antena yangu juu ya jabali refu kuliko yote niliyoyapata, kwa sababu kila fundi anajua kwamba antena inapendelea juu. Kazi yangu ilikuwa kupanda jabalini, kusoma namba, kuiandika na kushuka.

Siku ya kumi na tisa binti yangu wa kwanza alikuwa na mahafali ya kidato cha nne, shuleni kwao upande wa Bujora. Nilipima asubuhi, nikapima cha mchana kabla ya saa yake, nikaondoka. Saa kumi jioni nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikimpigia makofi. Niliporudi, mstari mmoja wa daftari ulikuwa wazi. Kesho yake, baada ya kupima cha jioni, nikachukua kipimo hicho na cha jioni ya kabla ya mahafali, nikapata wastani, nikaujaza. Ilinichukua dakika moja. Namba ilikaa vizuri kati ya wenzake.

Wiki mbili baada ya kuwasilisha ripoti, Mwalimu aliniita. Kisahani cha kahawa kilikuwa mezani, lakini hakukisogeza.

"Fundi, siku ya kumi na tisa, saa kumi jioni. Ulipima?"

"Nilipima, Mwalimu."

"Ulipokea hiki ulichoandika?"

"Ndiyo."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka ng'ambo."

"Ng'ambo kulikuwa kimya." Alifungua daftari lake. "Muuguzi wako anaandika joto la friji ya chanjo kila asubuhi na kila jioni. Nimelisoma jedwali lake. Siku hiyo soketi moja iliungua. Akachomoa kifaa chako, akachomeka friji. Saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Ameandika na sababu."

Nilitazama ule waya wa bluu juu ya kabati. Sikuwa na pengine pa kutazama.

"Nilikuwa kwenye mahafali ya mwanangu," nikasema.

"Hongera. Ungeacha wazi ungekuwa na mwezi mzima wenye shimo moja, na ningekupa alama zako. Sasa sina hata siku moja, kwa sababu sijui ni ipi nyingine umeijaza."

"Ni hiyo moja tu, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Dakika moja iliyopita uliniambia ulipima."

Niliomba. Nilimkumbusha kwamba mwaka wangu wa kuhitimu ulikuwa huo, kwamba nyumbani walikuwa wamevumilia vya kutosha, kwamba mke wangu alikuwa anauza dukani na kulea peke yake. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza.

"Yule muuguzi ataziamini namba zako siku ambayo mama anatoka damu," alisema. "Rudia. Siku thelathini, tangu ya kwanza."

Kurudia kulimaanisha kukosa mahafali yangu mwenyewe na kusubiri mwaka mwingine. Nilimweleza mke wangu nikiwa nimesimama mlangoni, kabla hata ya kukaa. Aliendelea kupanga makava ya simu kwenye waya.

"Kwa hiyo ulisema uongo, na mama wa watu akavuka maji kuja kukuumbua?"

"Ndiyo."

"Basi kapime, baba. Sasa unanisimulia mimi nikusaidieje?"

Nilikwenda kupima. Wiki ya kwanza nilipima kwa hasira, na hasira ilinifanya niwe makini kupita kiasi. Niliandika namba, kisha, ili asipate pa kunishika, nikaandika na kila kitu kingine: mawingu, upepo, rangi ya maji, mitumbwi mingapi. Kufikia siku ya kumi hasira ilikuwa imeisha na nilikuwa nimebaki na swali. Asubuhi ambazo ziwa lilikuwa limetulia kabisa, bila mkunjo hata mmoja, mawasiliano yalidhoofika, na mara nyingine yalipotea. Jioni, upepo ulipoamka na maji kuchafuka, yalirudi na kushika imara. Nilitegemea kinyume chake. Nilirudi kwenye daftari la kwanza. Jambo lilelile lilikuwemo tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimeandika pembeni "hitilafu ya kifaa" na kuendelea na wastani wangu.

Siku ya thelathini na moja nilimpelekea.

"Ziwa likitulia, yanakatika. Likichafuka, yanashika."

"Kwa nini?"

"Wimbi moja linakuja moja kwa moja kutoka ng'ambo. Jingine linapiga maji, linaruka, linanifikia limechelewa kidogo. Yakikutana yanafutana. Upepo ukija, uso wa maji unavunjika, lile la pili linatawanyika, linabaki moja. Maji yakitulia yanakuwa kama..." Nikasita. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake.

"Malizia."

"Kama kioo, Mwalimu."

Akaweka kalamu chini.

"Ondoa 'kama'," alisema. "Kwa mawimbi yako, maji yale ni kioo. Huo si mfano, ndivyo yalivyo." Akasogeza kisahani cha kahawa. "Na antena, kwa nini uliipandisha juu ya jabali?"

"Ione mbali."

"Imeona mbali. Nini kingine imeona?"

Nilitafuna ile kahawa chungu nikifikiri, na kabla sijaimeza nilikuwa nimeshajua. Kesho yake niliishusha antena, nikaiweka nyuma ya ukingo wa jabali, mahali ambapo kilima cha zahanati kilionekana lakini maji hayakuonekana. Mawasiliano hayakukatika tena asubuhi. Jabali nililolitumia kama ngazi lilipaswa kuwa ukuta tangu mwanzo. Najua, hapo angenizungushia duara.

Nilihitimu mwaka uliofuata, pamoja na vijana wa darasa la chini yangu, walioniamkia kwa sauti kubwa zaidi.

Hayo ni ya zamani kidogo. Leo ninasimamia mawasiliano ya zahanati kadhaa za kandokando ya ziwa, na kila moja ina daftari lake. Mwaka jana kitochi cha Mwalimu kilinipigia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Fundi, njoo nyumbani kwangu Butimba. Uje na madaftari."

Nilimkuta katikati ya maboksi. Alikuwa amestaafu na anarudi kwao Kagera. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa juu ya hilo boksi, ni vitabu, halivunjiki." Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomzoea. "Nasafiri keshokutwa kwa basi. Siku hizi kuna daraja, si kivuko. Nitafika kwetu bila kukanyaga maji."

Alichukua madaftari yangu, na nikaona namna anavyoyasoma. Hakuangalia namba. Alitafuta mistari iliyo wazi. Alipoupata mmoja aliweka kidole.

"Hapa?"

"Sikupima. Nilikuwa nazika mama yangu."

"Pole sana." Kidole kilikaa pale muda kidogo, kisha kikasogea. "Na hapa?"

"Hapo nilisahau tu."

"Vizuri," alisema, na alimaanisha.

Alipomaliza aliinama kwenye boksi jingine, akatoa daftari jembamba lenye jalada la kijani, akanipa. Nilifungua. Tarehe zilikuwa za mwezi wangu wa kurudia. Hali ya kifaa cha kutuma: kimewaka. Nguvu ya kutuma. Hali ya soketi. Saini ya muuguzi. Kila Jumatano na kila Jumamosi, saa kumi jioni.

"Ulikuwa ng'ambo," nikasema.

"Ulikuwa umedanganya mara moja. Watahini wangeweza kukuuliza tena, na neno lako peke yake lisingetosha. Nilitaka uwe na ncha ya pili."

"Mwezi mzima unavuka, na hukuniambia."

"Hukuniuliza ng'ambo kuna nani, Fundi."

Ni kweli, sikuuliza. Siku zote thelathini nilisimama juu ya jabali nikiangalia upande ule, na sikuwaza kwamba kuna mtu. Niligeuza kurasa ili nipate cha kufanya. Mstari mmoja, wa Jumatano ya tatu, haukuwa na namba. Kwa mwandiko wake ulionyooka ulikuwa umeandikwa: *Sikuvuka. Upepo mkali. Niliogopa.*

Nilimwangalia. Alikuwa anafunga boksi kwa kamba, hakuinua uso.

"Hilo ni lako sasa," alisema. "Mimi sina pa kuliweka."

Nyumbani nilitafuta daftari langu la mwezi ule na kuyalaza mawili pamoja mezani. Jumatano ya tatu, saa kumi jioni, nilikuwa nimeandika: ziwa limechafuka sana, mitumbwi yote imetoka majini. Na chini yake namba, yenye nguvu kuliko zote za mwezi mzima. Upepo uliomzuia gatini ndio uliovunja kile kioo. Siku pekee ya zamu yake ambayo hakuvuka, ng'ambo ilinifikia vizuri kuliko siku zote.

Nikampigia nimwambie. Kitochi kilikuwa kimezimwa.

Kesho yake asubuhi nilichukua madaftari yote mawili, nikaenda Butimba mwenyewe kabla hajasafiri.